Mfereji wa Marehemu Haroub

Mfereji ule wa bomba ulikuwa nje ya nyumba ya Bi Khairat, pembeni mwa baraza, na juu yake palibandikwa kigae cheupe chenye maandishi ya buluu: Sadaka ya marehemu Haroub Msabah. Mtaa mzima wa Mkomamanga, huo uliojikunja nyuma ya Kiponda, Mji Mkongwe wa Unguja, ulikuwa na shida ya maji. Mifereji ya majumbani ilikohoa, ikatema hewa, ikanyamaza. Wa marehemu ulimwaga siku zote. Kila asubuhi wanawake walipanga ndoo zao pale, na kila aliyejaza yake alisema kabla ya kujitwika, "Mungu amrehemu Mzee Haroub." Juu dirishani, nyuma ya pazia, Bi Khairat aliitikia, "Amin." Alipenda sana kuitikia, na tusimlaumu kwa hilo. Mjane hana furaha nyingi za kuchagua.

Ila wema wa Bi Khairat ulikuwa na mdomo. Alisomesha skuli maisha yake yote, na alipostaafu aliacha skuli lakini kusomesha hakuacha. Akiona taa inawaka mchana kwenye nyumba ya mtu, alipiga kelele tangu mwanzo wa kichochoro, "Zima hiyo! Umeme mnauokota?" Watoto wakamwita Bi Zima. Mwenyewe akilisikia jina hilo alitabasamu, halafu akauliza nani kaacha mfereji wazi. Basi serikali ilipotenga fedha za kuokoa maji na umeme katika mitaa ya Mji Mkongwe, na kila mtaa ukatakiwa uchague kamati, Mkomamanga hawakuhangaika kutafuta mwenyekiti. Alikwishajichagua zamani, walichofanya wao ni kunyoosha mikono.

Fedha hizo zingewabadilishia mabomba yaliyooza, zingewawekea taa za jua vichochoroni, na kisima kinacholisha mtaa kingepata pampu mpya isiyokula umeme ovyo. Watu walikuwa wakizizungumza kama watu wanaozungumza harusi. Lakini fedha ya umma ina masharti yake, na sharti la kwanza lilikuwa kwamba nyumba yoyote isiwe na pampu iliyoungwa kwenye bomba kuu la mtaa. Mhandisi wa mradi, kijana mmoja mwenye adabu aitwaye Ridhwan, alikuja na vipimo vyake, akazunguka, akasema maji yanaingia Mkomamanga vizuri kabisa, kisha yakifika katikati ya mtaa yanapotea. Kuna nyumba inayavuta.

"Mwenye nayo aitoe," alisema. "Nikirudi wiki ijayo nikaikuta, mtaa huu sitoweza kuutetea. Fedha zitakwenda mtaa mwengine."

Watu hawakufikiri sana. Mawazo yote yalikwenda kwa Sichana.

Sichana alikuwa mwanamke wa kisiwa cha Tumbatu, amepanga vyumba vya chini mkabala na nyumba ya Bi Khairat, yeye na binti zake, akiuza barafu za ukwaju na ubuyu. Alikuwa na friji kubwa zilizonguruma mchana kutwa. Anayeuza barafu lazima atumie maji mengi, watu walisema, na friji ikinguruma nani atajua kama ni friji au ni pampu? Tena alikuwa mgeni. Hilo halikusemwa kwa sauti, lakini ndilo lililofanya mengine yote yaaminike haraka.

Kikao kilifanyika barazani kwa Bi Khairat baada ya laasiri. Sheha Abdulla, kiongozi wa serikali mtaani, alikuwepo, mtu mpole asiyependa ugomvi mpaka upole wake wenyewe ukawa tatizo, na Muzdalifa wa kamati, ambaye hakuwa mpole. Sichana aliitwa. Alikuja na kanga mabegani, mikono bado mibichi kwa maji ya kazi. Hakuna aliyemtuhumu kwa maneno. Walimtazama tu, na Bi Khairat, kama mwenyekiti, akaona busara ni yeye aseme.

"Sichana, mwanangu," alisema kwa ile sauti yake ya darasani, "twende tukatazame kwako, watu waridhike. Kama huna kitu, utapoteza nini?"

"Njooni tu, Bi Khairat," alisema Sichana, macho yake yako chini.

Waliingia wa kamati, wakaingia na wengine ambao hakuna aliyewaita. Walifunua mapazia, wakafungua friji na kuziacha wazi, barafu za watu zikaanza kuyeyuka. Muzdalifa aliinama akatazama chini ya kitanda, akavuta sanduku la nguo, akachungulia nyuma yake. Chumbani kulikuwa na kamba, na kwenye kamba nguo za ndani za wale mabinti zilikuwa zimeanikwa, na wanaume wakapita kati yake wakijifanya hawazioni. Pampu haikuonekana. Zilionekana ndoo, zimefunikwa sahani, zimejaa mpaka ukingoni.

"Maji yangu ndiyo hayo," alisema Sichana taratibu. "Nnayateka hapo kwako kila siku. Maji ya Mzee Haroub, Mungu amrehemu."

"Amin," akaitikia Bi Khairat, hapo hapo, katikati ya chumba cha mtu aliyepekuliwa. Na neno hilo halikumwia zito mdomoni hata kidogo. Kisha akasema, "Basi tumeridhika," akatoka na watu wake. Hakuna aliyemwomba radhi Sichana. Walikuwa na haraka ya kumfikiria mtu mwengine.

Siku ya pili yake wenyeviti wa kamati zote walipelekwa Tunguu, kwenye ukumbi wa chuo, kwa semina. Kulikuwa na chai, sambusa na baridi ya kiyoyozi, na Bi Khairat alijifunga vizuri mtandio wake akakaa mstari wa mbele, mahali pake pa siku zote. Ridhwan hakuja na maneno mengi. Alileta dafu moja, akalitoboa, akatia mirija, mmoja mpana na mingine myembamba, akawaita wenyeviti waje kunywa pamoja. Ule mpana akampa Bi Khairat.

"Vuta kwa nguvu zako zote, Bi."

Bi Khairat hakuwa mtu wa kufanya jambo nusunusu. Alivuta mpaka mirija ya wenzake ikaanza kugugumia hewa. Ukumbi mzima ulicheka, na mwenyewe alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio.

"Wenzake wamekosa, na pumzi wanazo," alisema Ridhwan. "Dafu ni moja. Mtu akiunga pampu yake moja kwa moja kwenye bomba la mtaa, bila ya kuchimba tangi la chini maji yakaingia yenyewe kwanza, ndivyo anavyofanya. Anayanyonya yakiwa yako njiani kwenda kwa jirani. Na pampu yake inakesha, inakula umeme usiku na mchana."

Bi Khairat alikuwa bado anacheka, na kicheko kikamkatikia kinywani. Bila ya tangi la chini. Aliurudisha ule mrija ndani ya dafu taratibu, akarudi kukaa, na mengine yote ya semina ile hakuyasikia.

Alikuwa akimkumbuka fundi Wakil. Haroub alipokufa, watoto walileta fedha za hitma kubwa, na yeye akasema hapana, hitma watasoma watu wachache nyumbani, fedha nyingine zifanywe kitu kitakachodumu, maji ya sadaka. Fundi Wakil alikuja akatazama, akatingisha kichwa. Maji ya mtaa huu madogo, alisema, na tukichimba tangi la chini itabidi tuvunje ua wote. Uani ndiko Haroub alikokuwa amepanda asumini yake. "Tuunge moja kwa moja tu, Bi Khairat, kazi ya siku moja," alisema fundi. Naye akamjibu, "Fanya ujuavyo, mwanangu. Mimi nnataka kitu kimoja tu, mfereji wa marehemu usikauke." Fundi akacheka, akasema, "Huu hauwezi kukauka, labda wakaukiwe wengine." Na yeye akacheka pia. Hicho ndicho kilichomchoma sasa kuliko vyote. Fundi alimwambia, na alicheka.

Alipofika nyumbani hakuvua hata buibui. Alikwenda moja kwa moja chini ya ngazi, akaondoa masufuria ya shughuli, akaondoa mikeka iliyokunjwa, na pale nyuma pampu ilikuwa inanguruma kwa sauti ya chini. Alikuwa ameishi na mngurumo ule mpaka masikio yake yakaacha kuusikia. Friji za Sichana, za ng'ambo ya kichochoro, alizisikia. Alilifuata bomba kwa mkono wake mpaka lilipoingia ukutani kuelekea njiani. Hapakuwa na tangi. Palikuwa na ukuta, na nyuma ya ukuta maji ya watu.

Magharibi ilipoadhiniwa alikwenda kutawadha, akateka maji kwa kata, akasimama nayo mkononi. Hakujua maji yale ni ya nani. Ya jirani yake Amne wa ghorofani, labda, anayepandisha ndoo ngazi zote zile na magoti yake yanauma. Ya Sichana, bila ya shaka. Alikuwa akiwagawia watu maji yao wenyewe, na kila ndoo akipokea dua, na dua zile akizituma kwa mumewe kaburini kama zawadi ya halali. Haroub, ambaye maisha yake yote dukani hakupunja mtu hata kipande cha sabuni. Bi Khairat aliona haya mbele ya mumewe kabla hajaona haya mbele ya watu, na haya hizo zilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu marehemu hana namna ya kugeuza uso akajifanya hakuona.

Sasa tungependa kusema kwamba alitoka mbio akaenda kwa Sheha. Hakutoka. Alikaa akatafuta njia ya kutokea bila ya kuonekana, kama tunavyofanya sote. Akaona iko nyepesi. Ataichomoa pampu. Pampu ikitoka, sharti limetimia, mtaa utapata fedha zake, na kwa kuwa hakuna aliyejua ilikuwa wapi, hakuna atakayejua imekwenda wapi. Mfereji wa marehemu utatoa kidogo kidogo kama mifereji ya wengine, basi. Hata hivyo alipolifikiria jina la Sichana, alilipita haraka.

Asubuhi, baada ya sala, aliichomoa.

Kwa muda hakikutokea kitu. Halafu juu, ghorofani kwa Amne, kitu kilikohoa kwa nguvu, na sauti ya Amne ikajaa kichochoro chote. "Yametoka! Jamani, jikoni kwangu yametoka!" Nyumba ya pili ikaitikia, na ya tatu. Vigelegele vikapigwa. Mtu mmoja alikuwa ameacha mfereji wazi tangu miezi iliyopita na sasa maji yalikuwa yanamwagika sebuleni kwake, akawa anacheka na kupiga kelele kwa pamoja. Watoto walitoka na makopo wakarushiana maji, na Bi Zima alikuwa dirishani na hakuwakataza.

Chini, kwenye mfereji wa marehemu, mwanamke aliyekuja na ndoo alifungua, akafungua zaidi, akagonga bomba kwa kiganja. Ulitoa sauti ya mluzi, tone moja, ukanyamaza. Nyumba ya Bi Khairat ilikuwa mwisho wa mpindo wa kichochoro, ardhi yake imeinuka kidogo, na maji yalikuwa yanawatosha wengine kwanza. "Lo, wa marehemu umekauka!" alisema yule mwanamke. Wenzake wakaja kutazama. Walitazama mfereji, wakatazama juu kwa Amne ambako maji yalikuwa yanasikika yakimwagika, wakatazama tena mfereji. Kisha wakatawanyika na ndoo zao bila ya kumrehemu mtu, na ukimya wao ulimpandia Bi Khairat ngazi mpaka chumbani.

Hakutoka mpaka mlango ulipogongwa. Alikuwa Sichana, na ndoo ya maji kichwani.

"Shikamoo, Bi Khairat."

"Marahaba."

"Nimesikia kwako yamekauka. Nimekuletea." Aliitua ndoo ukumbini, akamimina ndani ya mtungi kwa mikono yake miwili, taratibu, asimwage hata tone. Uso wake haukuwa na hasira wala tabasamu. Alipomaliza alijifuta mikono kwenye kanga, akasema kama alivyosema kila siku, "Mungu amrehemu Mzee Haroub."

Bi Khairat alifungua mdomo aitikie na Amin haikutoka. Sichana alingoja kidogo, kama mtu aliyekuja kusikiliza kitu hicho hicho, kisha akachukua ndoo yake tupu akaenda zake.

Baada ya laasiri walikuja Sheha Abdulla na Muzdalifa. Walikuja kwa adabu, wakakaa kwenye makochi, wakakataa kahawa, wakakubali kahawa. Sheha alizungumza kwanza juu ya joto. Mwisho alishusha sauti.

"Bi Khairat, hatukuja kukuuliza kitu, na wewe usituambie kitu. Ile pampu haipo tena mtaani, alhamdulillahi. Ridhwan akija tutamwambia mwenye nayo kaitoa, na yeye mwenyewe hakutaka zaidi ya hayo. Alikuwa nani, halimhusu mtu. Sisi ni majirani. Tunasitiriana."

"Watu wanakuheshimu," alisema Muzdalifa. "Na marehemu anaheshimika. Tulifunike hili, liishe."

Bi Khairat alihisi mwili wote umelegea kwa raha. Kusitiriwa! Hakuna kitu kitamu kama hicho kwa mtu aliyevuliwa nguo. Wangemfunika, na kesho angekaa dirishani, na baada ya muda watu wangemsahau au wangejifanya wamesahau, jambo ambalo Mjini ni lile lile. Alikuwa ameshafungua mdomo kuwashukuru. Ng'ambo ya kichochoro, friji za Sichana zilikuwa zinanguruma, akazisikia, na ile raha ikageuka ikawa haya, haya kubwa kuliko ya jana, kwa sababu ya jana ilikuwa ya kosa alilolifanya bila ya kulijua vizuri na hii ilikuwa ya kitu alichokuwa anataka kukifanya sasa hivi, macho wazi.

"Na Sichana?" aliuliza.

Sheha alitazama kikombe chake. "Sichana kafanya nini?"

"Nakuuliza mimi. Kafanya nini?"

"Ah, Sichana ni mtu muelewa. Nadhani ameshasahau."

"Kuna mtu alikwenda kumwambia neno?"

"Tumwambie nini, Bi Khairat?" alisema Muzdalifa, na alikuwa anauliza kweli, hajui.

Bi Khairat aliinuka. Alishuka ngazi, nao wakamfuata wakidhani anawasindikiza. Mlango wake ulikuwa wa nakshi, wa pande mbili, na kwa kawaida ulifunguliwa upande mmoja tu, mtu akapita ubavu. Upande wa pili haukufunguliwa tangu lilipotolewa jeneza la Haroub. Alivuta komeo la juu, akavuta la chini, akausukuma ubao ule mzito mpaka ukagonga ukuta. Kichochoro kizima kiligeuka. Barazani palikuwa na wanaume wanacheza keram, Amne alikuwa dirishani, Sichana alikuwa mlangoni kwake anampa mtoto barafu.

"Bi Khairat, ingia ndani, tafadhali," alisema Sheha kwa sauti ndogo. "Jisitiri."

"Sichana hamkumsitiri," alisema Bi Khairat, na hakusema kwa sauti ndogo. Sauti ya darasani ilikuwa imemtoka, na iliyobaki ilikuwa inakatika katikati. "Pampu mnayoitafuta ilikuwa kwangu. Chini ya ngazi. Maji niliyokupeni miaka yote yalikuwa yenu, nikikunyang'anyeni majikoni nikikurudishieni mlangoni, na nyinyi mkinishukuru. Haroub hakujua, alikuwa keshazikwa. Mimi ndiye niliyesema mfereji usikauke, na sikuuliza kwa nini wengine wamekaukiwa. Na juzi ile nilikuongozeni kwa Sichana, nikasimama chumbani kwake nikaitikia Amin."

Kete moja ya keram ilianguka chini, hakuna aliyeiokota.

"Kwake mliingia nyote," alisema Bi Khairat. "Basi ingieni na kwangu. Mtazame kila mahali. Mtazame mpaka chini ya kitanda."

Wanaume walitazama makubadhi yao. Muzdalifa alijitanda mtandio upya, ingawa ulikuwa umekaa vizuri. Sheha Abdulla alisema, "Haina haja, Bi Khairat, wallahi haina haja, sisi tumeridhika," na alikuwa karibu kulia, maskini, mtu yule hakuwa na ubaya. Amne aliondoka dirishani. Mlango ulikuwa wazi pande zote mbili, ukumbi unaonekana mpaka uani, mpaka kwenye asumini, na Bi Khairat amesimama pembeni kama mtu aliyepisha njia, mtandio umemteleza kichwani na hakuurudisha.

Sichana alimaliza kumpa mtoto barafu yake. Alivuka kichochoro. Alivua viatu vyake kizingitini, akavipanga, akaingia peke yake. Chini ya ngazi hakwenda. Alipanda juu, na Bi Khairat akamfuata nyuma, ngazi baada ya ngazi, mpaka chumbani alikolala na Haroub maisha yao yote. Sichana alisimama mbele ya kile kitanda cha samadari, akainua ncha ya shuka, akapiga magoti, akainama, akatazama chini.